Kutoka Baraza la Athene hadi Kizimbani: Asili na Maana za Neno 'Idiot' na Mtihani wa Mfasiri wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Niliikumbuka methali hii katika mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, tulipokuwa tukifanya zoezi la tafsiri darasani. Mhadhiri wetu alituletea kifungu cha 146 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, akatutaka tukitoe katika Kiingereza na kukitia katika Kiswahili. Kifungu chenyewe ni kifupi. Kinamhukumu mtu anayemwingilia kimwili mtu mwingine huku akijua kuwa huyo mwingine ni 'idiot' au 'imbecile', na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14.

Tulipofika kwenye neno 'idiot', darasa liliangua kicheko. Mmoja alisema zuzu, mwingine juha, mwingine punguani, na aliyeketi nyuma kabisa akatoa fala, neno la mitaa ya Nairobi. Kicheko kilikatizwa na mwenzetu mmoja aliyeuliza: "Shtaka hili likisomwa mahakamani, na mama ya msichana aliyetendewa unyama huo ameketi pale kwenye benchi, karani atamwambia kuwa mwanawe ni nani? Zuzu?" Hakuna aliyemjibu. Muda wa somo uliisha tukiwa bado tumenyamaza, na zoezi likabaki bila tafsiri.

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile. Yanachunguza asili ya neno 'idiot', ambalo siku hizi ni tusi la kila siku kwa wasemaji wa Kiingereza, na kufuatilia jinsi maana yake ilivyobadilika kwa zaidi ya miaka 2,400. Aidha, yanalinganisha safari hiyo na safari ya baadhi ya maneno yetu ya Kiswahili, kisha yanapendekeza namna mfasiri anavyoweza kulikabili neno hili. Hoja kuu ni kwamba 'idiot' halikuzaliwa likiwa jina la upungufu wa akili. Lilitaja nafasi ya mtu mbele ya wenye vyeo na wenye elimu, na ni hao wenye vyeo na elimu walioligeuza likawa hukumu juu ya akili yake.

Mzizi wa Neno

Neno hili linatokana na Kigiriki cha kale. Mzizi wake ni kivumishi 'idios', chenye maana ya '-a mtu mwenyewe' au '-a binafsi'. Kutokana na mzizi huo Wagiriki waliunda nomino 'idiotes', yaani mtu binafsi, mtu asiyeshika wadhifa wowote wa umma. Mzizi huohuo umezaa neno la Kiingereza 'idiom', ambalo sisi wanafunzi wa lugha tunaliita nahau: usemi ambao ni mali ya lugha fulani peke yake. Kwa hivyo nahau tunayoisifu katika insha na tusi linalorushwa barabarani ni watoto wa nyumba moja.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali ili auelewe mwelekeo huu. Sisi tuna neno nafsi, tulilolipokea kutoka Kiarabu, na kutokana nalo tukapata binafsi. Tunaposema sekta binafsi, maoni binafsi au mtahiniwa wa binafsi, hatumtusi mtu yeyote. Lakini tukisema kuwa kiongozi fulani ana ubinafsi, tayari tumemlaumu. Kiambishi kimoja tu cha u- kimetutoa kwenye maelezo na kututia kwenye lawama. Lugha inayomtaja mtu aliye peke yake huwa jirani na lugha inayomshutumu kwa kuwa peke yake.

Hata hivyo, katika Kigiriki cha karne ya 5 K.K. 'idiotes' lilikuwa neno la kawaida. Maana yake ilitegemea lilikopingwa. Likipingwa na hakimu au ofisa wa dola, lilimaanisha raia wa kawaida. Likipingwa na jemadari, lilimaanisha askari asiye na cheo. Likipingwa na tabibu, lilimaanisha mtu asiyesomea utabibu. Mwanahistoria Thucydides, alipoeleza tauni iliyoipiga Athene mwaka wa 430 K.K., alisema kuwa kila mtu, awe tabibu au 'idiotes', yuko huru kutoa maoni yake kuhusu chanzo cha maradhi hayo. Hapo hakuna tusi. Pana tofauti tu kati ya mtaalamu na asiye mtaalamu.

Kisa cha Mwathene Asiyepiga Kura

Ni muhimu kusita hapa na kulirekebisha kosa moja ambalo limeenea sana. Katika makongamano, na hasa wakati wa uchaguzi, husikika mzungumzaji akidai kuwa Wagiriki walimwita 'idiot' mtu yeyote aliyekataa kushiriki siasa. Mimi mwenyewe nimewahi kulisema jambo hili katika mdahalo, nikapigiwa makofi. Baadaye nilipoyatafuta maandishi yanayoegemewa, niligundua kuwa makofi yale sikuyastahili.

Maandishi yanayotajwa zaidi ni hotuba ya Pericles ya kuwaomboleza askari waliokufa katika mwaka wa kwanza wa vita, 431 K.K., jinsi ilivyohifadhiwa na Thucydides. Ni kweli kwamba katika hotuba hiyo Pericles anamkosoa raia asiyejali mambo ya mji. Anasema kuwa Waathene hawamhesabu mtu huyo kuwa mtulivu, bali humwona kuwa hana manufaa. Lakini neno analolitumia ni 'achreios', yaani asiyefaa kitu. Halitumii 'idiotes' kama jina la lawama. Isitoshe, 'idiotes' wa Athene alikuwa na haki ya kuhudhuria baraza na kupiga kura kama raia mwingine. Alichokosa ni wadhifa, wala si sauti.

Kosa hili lina madhara. Linatufanya tuamini kuwa lawama ilikuwemo ndani ya neno tangu mwanzo, kana kwamba mtu wa kawaida alidharauliwa kwa haki. Ukweli ni kwamba dharau ililiingia neno hatua kwa hatua, na kila hatua inaweza kuonyeshwa.

Kutoka Raia wa Kawaida hadi Asiyesoma

Hatua ya kwanza ilikuwa kuhama kutoka 'asiye na wadhifa' hadi 'asiye na elimu'. Ushahidi mzuri unapatikana katika Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kigiriki. Katika Matendo ya Mitume 4:13, wakuu wa Wayahudi wanastaajabia ujasiri wa Petro na Yohana kwa sababu ni watu wasiosoma na ni 'idiotai', wingi wa 'idiotes'. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho 11:6, Paulo anakiri kuwa yeye ni 'idiotes' wa kunena, ingawa si wa maarifa. Mtume hakuwa akijitukana. Alikuwa akisema kwamba hakusomea ufundi wa kuhutubu.

Warumi walilikopa neno hili likawa 'idiota'. Mwaka wa 70 K.K., mwanasheria Cicero alimshtaki Verres, aliyekuwa gavana wa Sicily, kwa kupora mali ya watu wa kisiwa hicho, zikiwemo sanamu na kazi nyingine za sanaa. Akizungumzia mojawapo ya sanamu hizo, Cicero anasema kwa kejeli kuwa ingeweza kumfurahisha hata mtu kama yeye, mmoja wa wale ambao Verres anawaita 'idiotae' kwa kuwa hawana ujuzi wa sanaa. Hapa neno limeanza kuchoma. Na tuzingatie ni nani anayelitamka: ni mporaji mwenye madaraka, akiwaita hivyo watu wasiojua thamani ya vitu anavyoviiba.

Hata hivyo, heshima haikutoweka mara moja. Mwaka wa 1450, kadinali Mjerumani Nicholas wa Cusa aliandika majadiliano ambayo mhusika wake mkuu anaitwa 'Idiota'. Mhusika huyu ni fundi wa kuchonga miiko ya mti. Anakutana na msomi wa balagha katika uwanja wa soko wa Roma, na baadaye anazungumza na mwanafalsafa, na katika mazungumzo hayo yote ni yeye, fundi wa miiko, anayewafundisha wasomi. Kwa Cusa, 'idiota' alikuwa mtu ambaye akili yake haijafungwa na vitabu vya watu wengine.

Nchini Uingereza neno lilifika kupitia Kifaransa. Biblia ya Wycliffe, iliyotafsiriwa kutoka Kilatini katika miaka ya 1380, ilitumia 'idiot' katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho 14:16, mahali ambapo Paulo anamzungumzia mtu wa kawaida anayeketi ibadani bila kuelewa sala inayotolewa kwa lugha ngeni. Tyndale alipotafsiri Agano Jipya mwaka wa 1526 aliliacha neno hilo, akaandika badala yake neno lenye maana ya 'asiyesoma'. Tafsiri ya Mfalme James ya 1611 ilimfuata. Inavyoelekea, kati ya Wycliffe na Tyndale neno lilikuwa limeharibika kiasi kwamba halikufaa tena kumwita muumini hivyo.

Linalovutia zaidi ni kwamba tafsiri ya Kiswahili iitwayo Union Version ilipofika mahali hapohapo ilitumia neno mjinga. Wasomaji wengi wa leo hushtuka kuliona hapo. Nitaonyesha hapa chini kuwa kwa maana yake ya kale, neno hilo halikuwa baya hata kidogo.

Neno Laingia katika Sheria

Hatua ya pili, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoamua hatima ya neno, ilichukuliwa na sheria ya Uingereza. Kuanzia mwisho wa karne ya 13 na mwanzo wa karne ya 14, sheria kuhusu mamlaka ya mfalme ilitofautisha makundi mawili. La kwanza ni wale waliozaliwa bila uwezo wa kufahamu mambo, ambao mawakili waliwaita 'idiot'. La pili ni wale waliopoteza akili baadaye na ambao wangeweza kupona. Ardhi ya kundi la kwanza ilichukuliwa na mfalme, naye alifaidi mapato yake maadamu mwenyewe yu hai, kwa sharti la kumpa riziki. Ardhi ya kundi la pili mfalme aliitunza kwa niaba ya mwenyewe tu.

Kwa hivyo kuitwa 'idiot' hakukuwa tena suala la maneno. Kulikuwa suala la shamba. Ilibidi pawe na mtihani, na mwanasheria Anthony Fitzherbert aliueleza mwaka wa 1534: 'idiot' ni mtu asiyeweza kuhesabu peni 20, asiyeweza kumtaja baba yake wala mama yake, na asiyejua ana umri gani. Mkulima aliyeshindwa kujibu mbele ya maofisa aliweza kuupoteza usimamizi wa urithi wake. Na kwa kuwa mfalme aliweza kumkabidhi mtu mwingine usimamizi huo, palizuka watu walioomba wapewe mashamba ya jirani zao kwa madai kuwa wenyewe hawana akili.

Msomaji na ajiulize: ni wangapi kati ya mababu zetu wangeweza kuutaja umri wao kwa miaka? Waliujua kwa rika, kwa mwaka wa njaa au kwa mwaka wa nzige. Kipimo cha akili mara nyingi huwa ni kipimo cha mazoea ya yule anayepima.

Neno Laingia katika Sayansi

Hatua ya tatu ilikuwa ya madaktari na wanasaikolojia. Hatua hii ilianza kwa nia njema. Katika karne ya 19 Mfaransa Édouard Séguin alionyesha kuwa watoto walioitwa 'idiot' wanaweza kufundishwa, na mwaka wa 1846 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu elimu yao. Wakati huo neno lilikuwa istilahi ya kitaaluma, kama tunavyosema leo kisukari au kifafa. Mwaka wa 1886 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ambayo jina lake lenyewe lilitaja 'idiots', na lengo lake lilikuwa kurahisisha kuwapeleka watu hao katika taasisi za malezi na mafunzo.

Baada ya Wafaransa Binet na Simon kubuni kipimo cha akili mwaka wa 1905, wataalamu wa Marekani waliunda ngazi. Aliyehesabiwa kuwa na umri wa kiakili usiozidi miaka 2 aliitwa 'idiot', na wa kati ya miaka 3 na 7 aliitwa 'imbecile'. Kwa wale wa kati ya miaka 8 na 12, Henry Goddard alibuni neno jipya mwaka wa 1910, 'moron', kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mpumbavu. Yaani maneno matatu yanayorushwa leo katika ugomvi yaliwahi kuandikwa katika majedwali ya hospitali.

Majedwali hayo hayakubaki hospitalini. Mwaka wa 1882 sheria ya uhamiaji ya Marekani ilikuwa tayari imewazuia 'idiots' kuingia nchini humo. Mwaka wa 1927, katika kesi ya Buck dhidi ya Bell, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu jimbo la Virginia limfunge uzazi msichana aitwaye Carrie Buck kwa hoja kwamba yeye, mama yake na mtoto wake walikuwa na upungufu wa akili. Waliochunguza maisha yake baadaye hawakuuona upungufu huo. Zaidi ya Wamarekani 60,000 walifungwa uzazi katika karne ya 20 chini ya sheria za aina hiyo. Kadhalika, katiba za majimbo kama Ohio na Kentucky ziliandika kuwa 'idiot' hawezi kupiga kura. Hapa historia inajicheka yenyewe. Mtu ambaye wazungumzaji wa majukwaani wanadai aliitwa 'idiot' kwa sababu hataki kupiga kura, sheria ilimwita 'idiot' ili asipige kura.

Uingereza ilipitisha sheria nyingine mwaka wa 1913 iliyowapanga watu kwa 'idiot', 'imbecile' na makundi mengine, nayo ilifutwa mwaka wa 1959. Lakini lugha ya enzi hiyo ilikuwa imeshasafiri hadi makoloni. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilianza kutumika mwaka wa 1930, na ndani yake mna kile kifungu tulichopewa darasani. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka wa 2006 ilipofuta vifungu vingi vilivyokizunguka, chenyewe kilisalia na maneno yake.

Wakati huohuo, fasihi ililipa neno sura nyingine. Mwaka wa 1868 Mrusi Dostoevsky alianza kuchapisha riwaya yake ambayo anwani yake ni neno hilihili. Mhusika wake mkuu, Mwanamfalme Myshkin, ana kifafa na moyo usiojua hila, na wanaomwita 'idiot' ni watu wa mji ambao ujanja wao unawaangamiza. Kama fundi wa miiko wa Cusa, Myshkin anatulazimisha tumtazame tena yule anayetusi.

Matusi Yetu na Nasaba Zake

Je, Kiswahili kimepita njia tofauti? Tutazame maneno machache.

Punguani ni neno lililo wazi: linatokana na pungua, na linamtaja mtu kwa kile anachokosa. Mpumbavu linatokana na pumbaa, yaani kuduwaa, kuzubaa. Kwa asili basi ni hali inayompata mtu na kuweza kumtoka, wala si maumbile. Hayawani ni neno la Kiarabu lenye maana ya mnyama, na ukali wake unajieleza. Juha nalo linatukumbusha Juha wa hadithi za Waarabu, ambaye kwa upande mmoja hufanya mambo ya kuchekesha na kwa upande mwingine huwaacha wenye hekima wameduwaa. Vituko vya aina hiyo tunavijua pwani kwa jina la Abunuwasi. Yaani hata juha, kabla hajawa tusi, alikuwa na hekima yake.

Lakini neno linalokaribiana zaidi na 'idiotes' ni mjinga. Katika pwani ya karne ya 19, mjinga hakuwa tu mtu asiye na maarifa. Alikuwa mgeni, na hasa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua Kiswahili wala mila za mji. Alitofautishwa na mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa pwani. Mtu huyo hakukosa akili. Kwao pengine alikuwa mganga, mhunzi au mlezi wa ukoo. Aliitwa mjinga kwa sababu alisimama nje ya mlango wa ustaarabu wa watu wengine, na waliomwita hivyo ndio walioushika ufunguo.

Mlingano na 'idiotes' ni dhahiri. Maneno yote mawili yalitaja mahali mtu aliposimama: nje ya wadhifa kwa Wagiriki, nje ya mji kwa Waswahili. Ndiyo maana mjinga wa Union Version anafaa mahali pake: ni mtu aliyeketi ibadani akiwa mgeni wa lugha inayotumika. Na ndiyo maana, baada ya uhuru, viongozi wetu waliweza kuutaja ujinga kuwa adui pamoja na maradhi na umaskini bila ya kumtusi mwananchi. Ujinga wa aina hiyo huondolewa darasani, hata kwa masomo ya ngumbaru. Methali nayo inakubali: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.

Mzunguko wa Tafsida

Kuna jambo jingine linalojitokeza katika historia hii. Kila mara neno moja lilipochafuka, wataalamu walileta jingine safi, nalo likachafuka pia. 'Idiot' lilipokuwa tusi, yakaletwa mengine. Hayo nayo yalipogeuka kuwa matusi, Marekani ikaleta istilahi yenye maana ya akili kuchelewa, na mwaka wa 2010 sheria iitwayo Sheria ya Rosa ikaiondoa istilahi hiyo katika sheria nyingi za serikali ya shirikisho. Nasi tumeuona mzunguko huu. Taahira lilikuwa neno la vitabu na shule. Leo watoto wanarushiana uwanjani.

Wapo wanaohitimisha kuwa hakuna haja basi ya kubadilisha maneno, kwa kuwa dharau italifuata kila neno jipya kama inzi anavyofuata kidonda. Hoja hii ina ukweli, lakini imekomea nusu ya njia. Ni kweli kuwa tafsida peke yake haiponyi. Hata hivyo, kidonda hakiachwi wazi kwa sababu inzi hawaishi.

Mtihani wa Mfasiri

Turejee sasa darasani. Kosa letu siku ile lilikuwa kulishika neno kwa maana yake ya leo ya mitaani na kulitafutia tusi lenye uzito sawa. Tulisahau kuwa katika kifungu kile 'idiot' si tusi, ni istilahi ya kisheria. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, mfasiri atafute dhana, asitafute neno. Dhana ya kifungu ni mtu ambaye, kwa sababu ya hali ya akili yake tangu utotoni, hawezi kujilinda dhidi ya anayemtumia vibaya. Kusudi la sheria ni kumkinga. Tafsiri inayomdhihaki yule anayekingwa inapingana na kusudi hilo.

Pili, adumishe tofauti ambazo sheria yenyewe inazitambua. Ulemavu wa akili si sawa na ugonjwa wa akili. Wa kwanza ni hali ya kudumu ya ukuaji, wa pili ni maradhi ambayo huweza kutibiwa. Wanasheria wa Uingereza waliiona tofauti hii zaidi ya miaka 600 iliyopita, ilhali magazeti yetu yangali yakiyachanganya mambo haya mawili.

Tatu, atangulize utu kabla ya hali. Kiswahili kina nyenzo nzuri ya jambo hili: mwenye. Tunapotamka 'mtu mwenye ulemavu wa akili', neno la kwanza kusikika ni mtu. Tunapotamka 'punguani', mtu hayumo. Hili si pambo la lugha tu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na pia haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Kwa kuwa Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, haki hiyo inatuhusu moja kwa moja sisi tunaojiandaa kuwa wafasiri, wakalimani na wahariri.

Yamkini mwanasheria atapinga kuwa mfasiri hana ruhusa ya kuirekebisha sheria. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini kutumia 'mtu mwenye ulemavu mkubwa wa akili' hakubadilishi anayekusudiwa, wala kosa, wala adhabu. Kinachobadilika ni anachosikia yule mama kwenye benchi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa neno 'idiot' lilianza likimtaja raia wa kawaida, likamtaja asiyesoma, likatumiwa na mfalme kushika mashamba, na daktari kupanga watu kwa ngazi, kabla ya kuishia kuwa tusi la barabarani. Katika kila hatua, aliyelitamka alikuwa na mamlaka ambayo aliyeitwa hakuwa nayo. Mjinga wetu amepita njia iliyo jirani na hiyo.

Mwenzetu aliyeuliza swali siku ile alituambia baadaye, tulipokuwa tukinywa chai, kwamba ana dada asiyeweza kuhesabu zaidi ya kumi. Kwa mtihani wa Fitzherbert angeanguka katika peni ya kumi na moja. Lakini anamjua mama yake, anajua ni nani katika kijiji anayemtendea mema, na anajua akitukanwa. Zoezi letu nililimaliza peke yangu wiki ile, nikaandika 'mtu mwenye ulemavu mkubwa wa akili', nikampelekea mhadhiri. Aliurudisha ukurasa ukiwa na alama ya vyema na swali moja pembeni: nani atawapelekea makarani wa mahakama? Swali hilo nawaachia wanachama wenzangu.